Hekta Moja, Madai Mengi: Misitu, Viumbe na Gharama ya Matumizi ya Ardhi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, wanazuoni, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kutoweka kwa misitu na kwa viumbe wanaoishi ndani yake, na kwa ruhusa yenu ningependa nilitazame jambo hili kwa upande ambao mara nyingi huachwa, yaani upande wa ardhi yenyewe na madai tuliyoibebesha. Ardhi haiongezeki. Hekta inayolimwa nafaka haiwezi wakati huohuo kuwa msitu mnene. Hekta iliyofunikwa na msitu mnene haiwezi kulisha kundi la ng'ombe. Na hekta iliyomwagiwa zege haitafanya lolote kati ya hayo kwa vizazi vingi. Kila tunapoipa ardhi kazi moja tunainyima kazi nyingine, na kunyima huko kuna gharama hata pale ambapo hakuna aliyeiandika katika hesabu zake. Hoja yangu leo ni kwamba misitu imepotea, na inaendelea kupotea, hasa kwa sababu anayeamua ifyekwe siye anayelipa gharama hiyo, na anayeilipa hakuulizwa.

Niruhusuni nianze na vipimo, kwa kuwa mjadala huu huharibika upesi watu wanapoongozwa na hisia pekee. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika tathmini yake ya mwaka 2020, lilikadiria kwamba misitu ilifunika hekta bilioni 4.06, sawa na asilimia 31 ya nchi kavu yote. Tathmini hiyohiyo ilionyesha kwamba tangu mwaka 1990 hekta zipatazo milioni 420 za misitu zilikuwa zimefyekwa na kupewa matumizi mengine. Kasi ya ufyekaji imepungua: katika miaka ya 1990 zilifyekwa hekta zipatazo milioni 16 kila mwaka, na kati ya 2015 na 2020 zikawa milioni 10. Kupungua huko ni kwa kweli, na walioufanyia kazi wanastahili heshima yetu. Hata hivyo hekta milioni 10 ni eneo linalokaribia ukubwa wa nchi nzima ya Korea Kusini, likiondoka kila mwaka, na sehemu kubwa ya hasara hiyo imo katika ukanda wa joto, ambako ndiko viumbe wa aina nyingi zaidi wanakoishi.

Ni nani anayeifyeka? Watu wengi, wakiulizwa swali hili, humfikiria mkata mbao, au mchoma mkaa, au kampuni ya madini. Hao wapo, na katika baadhi ya maeneo madhara yao ni makubwa, lakini hawaongozi orodha. Uchambuzi wa picha za setilaiti uliotolewa na FAO mwaka 2021 ulionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya ufyekaji wa misitu duniani kati ya mwaka 2000 na 2018 ulitokana na kilimo kwa maana yake pana: karibu nusu kwa ajili ya mashamba ya mazao, na zaidi ya theluthi moja kwa ajili ya malisho ya mifugo. Barani Afrika na Asia, zaidi ya robo tatu ya msitu uliopotea iligeuka mashamba. Amerika ya Kusini, karibu robo tatu iligeuka malisho.

Nazisema takwimu hizi nikijua uzito wake. Zina maana kwamba anayekabiliana na msitu si mhalifu aliyejificha. Ni shughuli inayomlisha kila mmoja wetu aliyeketi humu ndani. Mzazi anayefyeka nusu hekta kwa sababu udongo wa shamba lake umechoka, na hana mbolea wala mkopo, anafanya hesabu iliyo sahihi kwa upande wake. Kampuni inayofyeka maelfu ya hekta nayo inafanya hesabu sahihi kwa upande wake, kwa kuwa msitu uliosimama hauandikwi popote katika vitabu vyake kama mali. Siwaweki wawili hawa kwenye mizani moja, kwani wa kwanza anatafuta mlo na wa pili anatafuta faida, na sera itakayowatendea kwa namna moja itamwonea wa kwanza. Wanafanana kwa jambo moja tu: wote wawili wanapata bila malipo kitu ambacho thamani yake ni kubwa sana kwa watu wengine.

Kitu hicho ni nini hasa? Hapa nitatua kwa muda, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo. Tunapohesabu hekta tunahesabu kile kinachoonekana kwa urahisi kutoka angani. Misitu ni makazi ya asilimia 80 ya spishi za amfibia, asilimia 75 ya spishi za ndege na asilimia 68 ya spishi za mamalia. Spishi za miti peke yake zinakaribia 60,000, na takriban tatu katika kila kumi zimo hatarini kutoweka. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, liitwalo IPBES, lilikadiria kwamba spishi zipatazo milioni moja za wanyama na mimea zinakabiliwa na hatari ya kutoweka, nyingi kati yake ndani ya miongo michache, na likataja mabadiliko ya matumizi ya ardhi kuwa sababu kuu kuliko zote katika nchi kavu.

Lakini spishi haitoweki siku ile mti unapoangushwa. Wataalamu wa ikolojia wamejua kwa muda mrefu kwamba uhusiano kati ya ukubwa wa eneo na idadi ya spishi hauendi kwa mstari ulionyooka. Ukipunguza msitu kwa nusu, kwa kawaida unatarajia hatimaye kupoteza kama sehemu moja kwa kumi ya spishi zake au zaidi kidogo. Ukiondoa tisa ya kumi ya msitu huo, unatarajia kupoteza karibu nusu ya spishi. Maana yake ni kwamba nusu ya kwanza ya msitu huonekana rahisi kuitoa, na kipande cha mwisho kina bei ya kutisha. Kiongozi anayeiangalia nchi iliyokwisha kufyeka nusu ya misitu yake, akaona ndege bado wanaruka na mito bado inatiririka, anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba wanaoonya wanatia chumvi, na anaweza kusaini kibali kingine. Yuko kwenye sehemu ya mteremko ambayo bado haijawa kali.

Tena, hasara yenyewe huchelewa kufika. Mwaka 1979, karibu na mji wa Manaus nchini Brazil, mwanabiolojia Thomas Lovejoy na wenzake walianzisha utafiti mkubwa katika eneo ambalo wafugaji walikuwa wanalifyeka. Kwa makubaliano na wenye mashamba, vipande vya msitu vya hekta moja, hekta kumi na hekta mia moja viliachwa vikiwa vimezungukwa na malisho, na watafiti wakawa wanahesabu kilichobaki mwaka baada ya mwaka. Ndege wanaofuata misafara ya siafu ili kula wadudu wanaotimuliwa walitoweka mapema, kwa sababu kipande kidogo hakiwezi kutunza makundi ya siafu ya kuwatosha. Miti mikubwa iliyo kandokando ilianza kufa kwa kasi, kwa kuwa upepo na jua kali viliingia mahali ambapo havikuzoea kufika, na athari hiyo ya ukingo ikaonekana mamia ya mita ndani ya msitu. Hata vipande vya hekta mia moja, ambavyo kwa macho ya mpita njia ni msitu kamili, vilipoteza karibu nusu ya spishi za ndege wa chini ya miti katika muda usiozidi miaka 15. Hakuna mtu aliyewawinda wala kuwawekea sumu. Walikwisha kupotezwa siku eneo lilipokatwakatwa, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kulipa deni lililokwisha kuandikwa.

Kuna pia msitu unaosimama ukiwa mtupu. Katika kisiwa cha Borneo inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1999 na 2015 walipotea orangutani, nyani wakubwa wa msituni, zaidi ya 100,000, na wengi wao walipotea ndani ya misitu iliyokuwa bado imesimama, kwa sababu barabara na mashamba vilipokaribia, wawindaji nao walikaribia. Mnyama mkubwa anapoondoka, msitu hubadilika polepole. Nchini Brazil, katika mabaki ya misitu ya pwani ya Atlantiki, watafiti walilinganisha maeneo yenye tukani wakubwa na maeneo ambayo ndege hao walitoweka zamani, na wakakuta kwamba mbegu za mchikichi wa msituni uitwao juçara zimekuwa ndogo pale wasipokuwapo ndege wenye midomo mipana ya kuzimeza na kuzisambaza. Mbegu ndogo hukauka upesi zaidi wakati wa ukame. Kwa hiyo ndege ameondoka, mti umedhoofika, na setilaiti inaendelea kuripoti kwamba pale pana msitu.

Sasa nirudi kwa binadamu, maana kuna watakaosema kwamba tukani ni anasa wasiyoweza kuigharimia. Nchini Costa Rica, watafiti walipima mavuno ya kahawa katika shamba moja lililopakana na vipande vya msitu, wakakuta kwamba mibuni iliyo ndani ya kilomita moja kutoka msituni ilitoa mavuno zaidi kwa asilimia 20, kwa sababu nyuki wa porini waliifikia na kuichavusha. Huko Amazon, mwanasayansi wa Brazil Enéas Salati alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba sehemu kubwa ya mvua ya bonde hilo inatokana na maji ambayo msitu wenyewe uliyarudisha hewani. Unyevu huo husafiri na upepo kuelekea kusini, ukanyesha juu ya mashamba yaleyale ya soya na malisho ambayo upanuzi wake unaula msitu. Mkulima wa huko anakata chanzo cha mvua yake mwenyewe, ingawa kwa kuwa kila mmoja anakata sehemu ndogo tu, hakuna hata mmoja anayeweza kuuona mkono wake katika ukame.

Wakati mwingine tunaambiwa kwamba hizi ni gharama za lazima, kwamba msitu unatolewa na chakula kinapatikana. Ningependa kuliamini hilo kila mara, lakini historia haikubali. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya Rais Suharto wa Indonesia iliamua kugeuza hekta milioni moja hivi za misitu ya kinamasi katika Kalimantan ya Kati kuwa mashamba ya mpunga. Ilichimbwa mifereji ya maelfu ya kilomita ili kuondoa maji. Udongo wa huko ni mboji nene, mabaki ya mimea yaliyorundikana chini ya maji kwa maelfu ya miaka, wenye tindikali nyingi na usiofaa kwa mpunga. Maji yalipoondoka mboji ilikauka, na ukame wa mwaka 1997 ulipofika, ardhi yenyewe ikawaka moto, ikifuka moshi uliofika hadi nchi jirani. Mradi ulisitishwa rasmi mwaka 1999. Mchele uliotarajiwa haukupatikana, msitu haukurudi, na mifereji iliendelea kuikausha mboji ile na kuifanya iwake tena na tena katika miaka iliyofuata. Huu haukuwa ubadilishanaji wa kitu kwa kitu. Pande zote mbili za mizani zilibaki tupu. Kilichokosekana pale ni kumsikiliza mtu anayeujua udongo kabla ya kuleta mitambo.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwapa mifano rahisi pekee. Ipo migongano ambayo pande zote mbili zina haki, na mawese ni mojawapo. Michikichi imeangamiza misitu mingi ya Indonesia na Malaysia, jambo hilo halina ubishi. Hata hivyo zao hili linatoa zaidi ya theluthi moja ya mafuta yote ya mimea duniani huku likitumia chini ya asilimia 10 ya ardhi yote iliyopandwa mazao ya mafuta. Hekta moja ya michikichi hutoa mafuta mara kadhaa kuliko hekta moja ya soya au ya alizeti. Anayesusia mawese kwa nia njema, kisha akanunua mafuta mengine kwa kiasi kilekile, huenda amehamishia mahitaji yake kwenye zao linalodai ardhi kubwa zaidi mahali asipopaona. Swali lenye maana zaidi ni kama mchikichi ule ulipandwa juu ya msitu uliofyekwa jana, au juu ya ardhi iliyokwisha kufyekwa miongo mingi iliyopita na kuachwa ikimea majani makavu.

Kuna mjadala mrefu kati ya wanasayansi kuhusu namna ya kugawa ardhi baina ya chakula na viumbe. Upande mmoja unasema tulime kwa upole kila mahali, tuchanganye miti na mazao, ili viumbe waishi pamoja nasi shambani. Upande wa pili unasema tulime kwa tija kubwa katika eneo dogo, na tuache eneo jingine lote lisiguswe. Utafiti uliofanywa Ghana na India na kuchapishwa mwaka 2011, ukihusu spishi za ndege na miti, ulionyesha kwamba spishi nyingi zaidi, hasa zile zenye maeneo madogo ya kuishi, zingepata nafuu kwa njia ya pili. Mimi mwenyewe naegemea huko, kwa sababu spishi zilizo hatarini zaidi ni zile zisizoweza kabisa kuishi nje ya msitu wa asili; shamba lenye vivuli vya miti ni zuri kwa ndege wengi, ila si kwa wale tunaoelekea kuwapoteza.

Naegemea huko kwa sharti moja, na sharti hilo ni kubwa. Tija kubwa peke yake haiokoi msitu. Mkulima aliyepata mbegu bora na barabara nzuri amepata pia sababu ya kufyeka zaidi, kwa kuwa kila hekta mpya sasa inamlipa vizuri. Tija huokoa msitu pale tu ambapo mpaka wa msitu unalindwa kwa sheria inayosimamiwa. Brazil ilitoa ushahidi wa pande zote mbili. Mwaka 2004 Amazon ya Brazil ilipoteza takriban kilomita za mraba 27,700. Serikali ikaanza kutumia setilaiti kuona ufyekaji karibu wakati uleule unapotokea, ikatangaza hifadhi mpya, ikatambua ardhi za wenyeji wa asili, ikawanyima mikopo ya kilimo wenye mashamba waliovunja sheria. Na mwaka 2006 wafanyabiashara wakubwa wa soya wakakubaliana kutonunua soya iliyolimwa kwenye msitu uliofyekwa upya. Kufikia mwaka 2012 ufyekaji ulishuka hadi kilomita za mraba 4,600 hivi, na katika kipindi hichohicho uzalishaji wa soya uliongezeka. Kisha usimamizi ukalegezwa, na mwaka 2021 ufyekaji ukapanda hadi zaidi ya kilomita za mraba 13,000, kabla ya kushuka tena baada ya usimamizi kurudishwa. Udongo na mvua vilikuwa vilevile muda wote huo. Kilichobadilika ni utashi wa kusimamia sheria.

Hapa lazima niguse suala la kupanda miti, maana limekuwa jibu la kila mtu. Chini ya mpango wa Bonn Challenge ulioanzishwa mwaka 2011, nchi nyingi ziliahidi kurejesha misitu, na lengo likawekwa la hekta milioni 350 ifikapo 2030. Ahadi hizo zilipochambuliwa mwaka 2019, ilionekana kwamba karibu nusu ya eneo lililoahidiwa lilikuwa ni mashamba ya miti ya biashara, mikaratusi, misonobari na mfano wake, inayopandwa kwa safu na kuvunwa kila baada ya miaka michache. Mashamba hayo yana kazi yake. Mbao lazima zitoke mahali fulani, na ni afadhali zitoke huko kuliko kwenye msitu wa asili. Ila kuyaita msitu uliorejeshwa ni kujidanganya. Vibaya zaidi, mengine yamependekezwa kwenye savana ambazo hazijawahi kuwa misitu, zenye nyasi, wanyama na mimea yake yenyewe iliyozoea jua na moto, na kuzipandia miti ni kuharibu mfumo ikolojia mmoja ili tuonekane tumeurudisha mwingine.

Msitu wa asili ukiachwa, mara nyingi hujirudisha wenyewe ikiwa udongo haujaharibika mno na mbegu zipo karibu. Utafiti mkubwa wa misitu inayoota upya katika ukanda wa joto, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba baada ya miaka 20 misitu hiyo hufikia, kwa wastani wa vigezo mbalimbali, asilimia 78 ya hali ya msitu wa kale. Rutuba ya udongo hurudi ndani ya muongo mmoja. Mchanganyiko kamili wa spishi za mwanzo, hata hivyo, huchukua zaidi ya miaka 120. Kwa hiyo kuacha ardhi iliyochoka ipumzike ni kazi yenye thamani kubwa, lakini hakuna urejeshaji unaoweza kuwa kisingizio cha kuufyeka msitu wa kale uliopo leo. Costa Rica, ambayo katika miaka ya 1980 misitu yake ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 30 ya nchi, leo ina misitu katika zaidi ya nusu ya eneo lake. Sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na sheria ya mwaka 1996 iliyopiga marufuku kugeuza msitu kuwa kitu kingine na kuanzisha malipo kwa wenye ardhi wanaoutunza, yakigharimiwa kwa kiasi kikubwa na kodi ya mafuta ya magari. Sehemu nyingine ilitokana na ufugaji wa ng'ombe kupoteza faida na ruzuku. Nalitaja hili la pili kwa sababu ni rahisi kuisifu sheria na kusahau kwamba ilikuta mzigo umekwisha kupungua.

Na hapo tunafika kwenye swali la malipo, ambalo ndilo lililonileta hapa. Mwaka 2007 Ecuador iliiambia dunia kwamba iko tayari kuyaacha ardhini mafuta yaliyo chini ya sehemu ya hifadhi ya Yasuní, mojawapo ya maeneo yenye bioanuwai nyingi zaidi duniani, iwapo mataifa mengine yangechangia dola bilioni 3.6, yaani takriban nusu ya mapato ambayo ingeyakosa. Kufikia mwaka 2013 mfuko ulikuwa umepokea dola zipatazo milioni 13 tu. Serikali ikaufuta mpango, na uchimbaji ukaanza. Miaka kumi baadaye, Agosti 2023, wananchi wa Ecuador wenyewe walipiga kura, na takriban asilimia 59 wakaamua mafuta hayo yabaki ardhini, pasipo mtu wa kuwafidia. Nawaheshimu sana wapiga kura wale. Lakini ni aibu kwa dunia kwamba nchi yenye mahitaji mengi iliachiwa mzigo ambao manufaa yake yanakwenda kila mahali.

Wengine wanaolipa bila kuulizwa ni watu waliokuwa wakiishi msituni tangu kale. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za jamii ya Ogiek kwa kuwaondoa katika msitu wa Mau. Serikali ilidai kwamba kuwaondoa kulikuwa kwa ajili ya kuuhifadhi msitu, na mahakama ikaona kwamba hakukuwa na ushahidi kuwa wao ndio walioumaliza. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Uhifadhi unaoanza kwa kuvunja nyumba za watu wasio na hatia hujipatia maadui katika mipaka yake yote, na ushahidi kutoka Amazon unaonyesha kwamba ardhi za wenyeji wa asili zilizotambuliwa kisheria zimekuwa miongoni mwa zilizofyekwa kidogo zaidi.

Kisha kuna nchi zinazolinda misitu yao kwa kula ya wengine. China ilipozuia ukataji wa magogo katika sehemu kubwa ya misitu yake ya asili baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1998, uagizaji wake wa mbao ulipanda. Misitu ya Ulaya imeongezeka kwa miongo mingi huku mifugo ya bara hilo ikilishwa soya iliyotoka Amerika ya Kusini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayokusudia kuzuia kahawa, kakao, soya, mawese, mpira, mbao na bidhaa za ng'ombe zilizotoka kwenye ardhi iliyofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, ni jaribio la kulikabili jambo hilo, na msingi wake ni wa haki. Nina wasiwasi kuhusu mzigo wake. Mkulima mwenye hekta mbili, asiye na ramani wala hati, atadaiwa uthibitisho wa mahali mazao yake yalikolimwa kama atakavyodaiwa mwenye hekta elfu mbili, na kama mnunuzi hatagharimia uthibitisho huo, mdogo ataondolewa sokoni ingawa hajakata mti hata mmoja.

Mwezi Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari iwe imehifadhiwa. Asilimia hiyo inaweza kutimizwa kwa kuchagua jangwa, barafu na vilele vya milima ambavyo hakuna anayevitaka, na spishi zikaendelea kutoweka katika nyanda zenye rutuba, kwa kuwa huko ndiko mkulima na viumbe wengine wanakogombania. Ndiyo maana nasisitiza tuulize ni hekta zipi, na nani ataacha nini ili zihifadhiwe.

Ombi langu kwa wale walio hapa wenye mamlaka ya kutoa vibali, au wenye kuwashauri wanaovitoa, ni la kiutendaji. Kabla kibali kingine cha kufyeka msitu wa asili hakijasainiwa, itafutwe kwanza ardhi iliyokwisha kufyekwa na isiyotumika ipasavyo, nayo ipo kwa mamilioni ya hekta katika kila bara lenye misitu ya ukanda wa joto. Ipimwe udongo, ijulikane ina haki za nani, na mwombaji aeleze hadharani kwa nini haimfai. Fedha zinazotumika kufungua msitu, ikiwamo barabara, mikopo na misamaha ya kodi, zielekezwe kwenye mbolea, mbegu na maji kwa mkulima anayelima udongo uliochoka. Na jamii inayoishi kando ya msitu ipewe hati yake na malipo yake kabla ya kutakiwa kuulinda, kwa kuwa imekuwa ikiulinda muda wote huu kwa gharama yake yenyewe.

Nashukuru kwa kunisikiliza, na niko tayari kwa maswali yenu.